Hesabu Iliyo Chini ya Mguu wa Kushoto

Magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa kutoka Japani katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa yana pedali mbili tu, ya mafuta na ya breki, na mguu wa kushoto wa dereva hauna kazi. Kenya hairuhusu kuingizwa gari dogo lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na kadiri magari ya Japani yanavyokuwa mapya ndivyo gia za otomatiki zinavyozidi kutawala. Hata hivyo wapo wenye magari ambao, baada ya miaka michache ya barabara zetu, huamua kulitia gari lao pedali ya tatu. Huyu gia boksi yake ya otomatiki imeanza kuteleza, na alipotajiwa gharama ya kuifufua akashika kichwa. Yule hupanda milima na mizigo na anataka kuchagua gia mwenyewe. Mwingine ni kijana mwenye Toyota Chaser ya miaka ya 1990, anayejua kwamba kiwanda chenyewe kiliwahi kuliuza gari hilo likiwa na gia boksi ya mkono yenye gia tano. Kazi hiyo mafundi huiita kutoa auto na kuweka manyuo, na si kazi ya kimiujiza: hufanywa, na magari hutembea.

Ila si yote yanayotembea vizuri. Yako yanayosaga gia kila yakitakiwa kurudi nyuma, yanayomlazimu dereva akanyage pedali mara mbili mbili kwenye foleni, na mengine yanayoteleza mlimani ilhali klachi pleti ni mpya. Mwenye gari hulaumu gia boksi aliyouziwa, muuzaji humlaumu fundi, naye fundi husema upepo haujatoka sawasawa. Lawama hizo mara nyingi hupita pembeni ya kosa. Katika kazi hii fedha na macho ya watu huenda kwenye gia boksi, kwa kuwa ndiyo kubwa, nzito na ghali. Mfumo wa mafuta unaopeleka nguvu ya mguu hadi kwenye klachi huachwa mwisho, ukakusanywa kwa vipande vilivyopatikana, silinda moja kutoka gari hili na nyingine kutoka gari lile. Hapo ndipo kazi inapoharibikia. Klachi ya mafuta ni hesabu moja inayoanzia kwenye kikanyagio na kuishia kwenye pleti, na hesabu hiyo inapaswa kufanywa kabla ya kununua kitu chochote, kwa sababu nafasi ya kukosea ndani yake haizidi milimita moja.

Tuanze na kazi ya klachi yenyewe. Katika gari la otomatiki, kazi ya kuunganisha na kuachanisha injini na magurudumu hufanywa na toki konveta iliyojaa mafuta, nayo imeshikizwa kwenye krenki kwa bamba jembamba la chuma. Gari likigeuzwa, bamba hilo hutolewa na mahali pake hufungwa flaiwili, gurudumu zito lenye uso laini. Klachi pleti hukaa juu ya uso huo na kubanwa na presha pleti kwa nguvu ya springi, kama karatasi iliyoshikwa katikati ya viganja viwili. Ikiwa imebanwa, nguvu ya injini hupita hadi kwenye gia. Dereva akitaka kubadili gia, lazima viganja viachie. Beringi ya klachi husukuma vidole vya springi ya presha pleti, na presha pleti huinuka. Katika magari mengi madogo beringi hiyo hutembea milimita 8 hadi 10, na presha pleti huinuka milimita moja au mbili tu. Unene wa sarafu ndio unaotenganisha gia inayoingia kimya na gia inayosaga meno.

Mguu uko mbali na beringi hiyo, na katikati kuna ukuta wa chuma unaoutenga upande wa dereva na injini. Nguvu inaweza kuvuka umbali huo kwa vyuma vilivyounganishwa, kwa waya au kwa mafuta. Njia ya mafuta hutumia kanuni aliyoieleza Mfaransa Blaise Pascal, ambaye andiko lake kuhusu uwiano wa vimiminika lilichapishwa mwaka 1663, mwaka mmoja baada ya kifo chake: kimiminika kilichofungiwa kikisukumwa mahali pamoja, msukumo ule ule kwa kila sentimita ya mraba hufika kila mahali kilipo. Juu, karibu na pedali, kuna silinda ndogo ambayo mafundi wengi huiita klachi masta. Chini, kwenye gia boksi, kuna silinda nyingine inayosukuma foku, na foku husukuma beringi. Kati ya hizo mbili kuna paipu iliyojaa mafuta ya breki. Pistoni ya juu ikienda mbele, ya chini nayo hutoka. Mfumo mzima ni huo, na wepesi wake ndio unaowadanganya watu wakadhani kwamba silinda yoyote itafanya kazi na silinda yoyote.

Tuchukue mfano wenye vipimo vinavyopatikana madukani. Silinda ya juu ina kipenyo cha ndani cha milimita 15.87, yaani inchi 5/8, na uso wa pistoni yake ni sentimita za mraba 1.98. Silinda ya chini ina kipenyo cha milimita 20.64, na uso wake ni sentimita za mraba 3.35. Pedali inashuka milimita 150, na kwa sababu ya urefu wa mkono wake inasukuma fito ya silinda ya juu milimita 30, yaani umbali unagawanywa kwa tano na nguvu inazidishwa kwa tano. Mguu ukikanyaga kwa uzito wa kilo 12, pistoni ya juu inapokea kilo 60, na ya chini, kwa kuwa uso wake ni mpana zaidi, inatoa kama kilo 101. Lakini hakuna kinachopatikana bure: nguvu iliyoongezeka imelipiwa kwa umbali. Milimita 30 za juu zinakuwa milimita 17.7 za chini, na foku ikigawanya umbali huo kwa mbili, beringi inatembea milimita 8.9. Mafuta yaliyosogezwa katika safari hiyo yote ni sentimita za ujazo 5.9, zaidi kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Gari la tani moja na zaidi linaachanishwa na injini yake kwa kijiko cha chai cha mafuta.

Sasa tuseme klachi ya gari hilo inahitaji beringi itembee milimita 8 ili iachie kabisa. Tuna 8.9, kwa hiyo akiba ni 0.9. Fito ya silinda ya juu haina budi kuachiwa nafasi kidogo ya kucheza, tuseme milimita moja, na nafasi hiyo inakula milimita 0.3 kwenye beringi. Kama ukuta ilipofungiwa klachi masta ni bati jembamba lisilotiwa nguvu, dereva akikanyaga kwa nguvu bati linabonyea. Likibonyea milimita 3 tu, pistoni imepoteza sehemu moja ya kumi ya safari yake na beringi imepoteza karibu milimita 0.9. Kama ndani ya paipu kumebaki sentimita moja ya ujazo ya hewa, hewa hiyo itafinywa hadi ikaribie kutoweka kabla mafuta hayajasukuma chochote, na beringi itapoteza karibu milimita moja na nusu. Jumlisha hasara hizo: zimebaki milimita 6 na ushei mahali panapotakiwa 8. Hapo gia haiingii, na hakuna kifaa hata kimoja kilichovunjika ambacho mtu angeweza kukinyooshea kidole. Ndiyo maana lawama huzunguka bila kutua, kwa kuwa kosa limegawanyika vipande vidogo na kila kipande peke yake kinaonekana si kitu.

Fundi mwenye haraka ana jibu lake kwa hesabu hii, nalo ni kuweka silinda kubwa zaidi juu. Kwa kweli umbali utaongezeka. Silinda ya juu ikiwa na kipenyo cha milimita 19.05, yaani inchi 3/4, pistoni ya chini itatoka milimita 25.6 na beringi itatembea karibu 12.8. Lakini mizani ile ile inayoongeza umbali inapunguza nguvu. Ili kupata zile kilo 101 chini, mguu uliokuwa unakanyaga kilo 12 sasa utakanyaga zaidi ya kilo 17, na katika foleni ya jioni ya Ubungo au Thika Road tofauti hiyo itatambuliwa na goti. La hatari zaidi, beringi inayokwenda mbali kuliko klachi ilivyokusudiwa hukunja vidole vya springi, na pistoni ya chini inaweza kusukumwa hadi itoke nje ya silinda na mafuta yote yamwagike. Anayeongeza ukubwa bila kupima amehamisha tatizo kutoka kwenye gia hadi kwenye presha pleti. Silinda kubwa huwa dawa pale tu vipimo vimeonyesha kwamba umbali ndio uliopungua, wala si bati linalobonyea au hewa iliyobaki, na hata hapo pedali iwekewe kizuizi ili isishuke kupita inapohitajika.

Kwa sababu hiyo njia salama kuliko zote ni kununua vitu vya familia moja. Gari ambalo kiwanda kiliwahi kulitoa kwa gia za mkono, kama Chaser na Mark II za miaka ile, lina bahati: kiwanda kimeshafanya hesabu. Klachi masta, silinda ya chini, foku, beringi, presha pleti na pedali zilizotoka kwenye toleo lile la manyuo zinajuana. Ugumu huanza gia boksi inapotoka kwa aina nyingine ya gari, au presha pleti inapobadilishwa kwa ile ngumu ya mashindano. Hapo kila kipimo kiulizwe upya. Ziko klachi zinazoachia kwa kusukumwa na ziko zinazoachia kwa kuvutwa, na foku na beringi za aina moja hazifai kwa nyingine. Kuna gia boksi ambazo silinda ya chini iko nje, hufikiwa kwa spana mbili, na nyingine ambazo silinda imezunguka shafti ndani ya kengele ya gia boksi. Hii ya ndani ni nadhifu, ila ikivuja lazima gia boksi ishushwe, na ikifungwa karibu mno au mbali mno na vidole vya springi itaharibika mapema. Pengo hilo hupimwa kwa rula na kalipa gia boksi ikiwa bado mezani. Likiachwa hadi gia boksi ifungwe, halipimiki tena.

Upande wa juu nao una mambo yake, na mtaka cha mvunguni sharti ainame: fundi atalala chali chini ya dashibodi kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia. Pedali ya breki ya gari la otomatiki ni pana na imekaa mahali ambapo klachi itahitaji nafasi, kwa hiyo ni bora kubadilisha fremu nzima ya pedali kwa ile ya gari la manyuo la aina hiyo hiyo. Anayechomelea pedali ya kubuni anabuni pia ule urefu wa mkono unaozidisha nguvu, na hesabu yetu yote ilianzia hapo. Magari ambayo yaliwahi kutolewa kwa aina zote mbili mara nyingi yana alama au kifuniko kwenye ukuta pale klachi masta inapopaswa kukaa. Pasipo na alama, tundu litobolewe mahali ambapo fito itasukuma kwa mstari ulionyooka, kwa kuwa fito iliyopinda huikwangua pistoni upande mmoja hadi raba zianze kuvuja, na mafuta huchuruzika taratibu kwenye zulia la dereva. Nyuma ya tundu hilo kuwe na bamba la chuma linalotawanya nguvu. Njia rahisi ya kujua kama ukuta unabonyea ni mtu mmoja kukanyaga huku mwingine akitazama klachi masta akiwa upande wa injini. Ikionekana inasogea pamoja na bati, kazi haijaisha.

Ile nafasi ya fito kucheza inahitaji maelezo yake, kwani wengi huiondoa wakidhani wanaongeza safari ya pistoni. Ndani ya klachi masta kuna kitundu kidogo kinachounganisha silinda na kikopo cha mafuta pedali ikiwa imeachiwa. Injini ikipata joto, mafuta ya kwenye paipu hutanuka, na ziada yake hurudi kikoponi kupitia kitundu hicho. Fito ikibanwa pasipo nafasi yoyote, pistoni haitarudi nyuma vya kutosha na raba yake itaziba kitundu. Mafuta yanayotanuka yatakosa pa kwenda, yatasukuma pistoni ya chini, beringi itaegemea vidole vya springi, na klachi itaanza kuteleza bila mtu kuikanyaga. Gari litatoka gereji likiwa zuri na kurudi baada ya saa moja ya barabara likinuka kuungua. Vitabu vya matengenezo vya magari mengi ya Toyota huagiza mchezo wa fito, ukipimwa juu ya pedali, uwe milimita 1 hadi 5. Milimita hizo chache ndizo zinazolinda klachi mpya isiungue.

Halafu ni paipu na hewa. Injini hutikisika juu ya raba zake ilhali ukuta umetulia, kwa hiyo sehemu ya mwisho ya njia lazima iwe hosi inayonyumbulika, na sehemu iliyobaki iwe paipu ya chuma ya breki. Hosi ndefu ya kawaida hutanuka ikisukumwa, na kutanuka huko kunakula mafuta kutoka kwenye kile kijiko kimoja cha chai. Paipu ipite mbali na bomba la moshi, wala isipande na kushuka kama tuta, kwa maana hewa hujificha kwenye kilele. Nipeli ya kutolea upepo iwe mahali pa juu kabisa pa silinda ya chini. Gia boksi ya kigeni ikifungwa, pengine nipeli hujikuta imetazama chini, na hapo mafundi wawili wanaweza kukanyaga na kufungua hadi usiku pasipo hewa kwisha. Dawa yake ni kufungua bolti za silinda, kuiinamisha mpaka nipeli iwe juu, kuizuia pistoni isitoke, kisha kutoa upepo. Kazi yenyewe ifanywe taratibu: mmoja akanyage na kushikilia, mwingine afungue nipeli mafuta yatoke kwenye mpira angavu, aifunge kabla pedali haijaachiwa, na kikopo cha juu kisiachwe kikauke.

Mafuta yenyewe yasichukuliwe kwa mazoea. Mfumo huu kwa kawaida hutumia mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4, kama kifuniko cha kikopo kinavyoelekeza. DOT 3 mpya inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, na DOT 4 kabla ya 230, lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani, na yakishalowa viwango hivyo hushuka hadi 140 na 155. Kwa sababu hiyo chupa iliyokaa wazi rafuni tangu mwaka jana haifai, hasa katika miji ya pwani yenye hewa ya maji maji. Hatari kubwa zaidi katika kazi hii ni mafuta mekundu yaliyomwagwa kutoka kwenye gia boksi ya otomatiki, ambayo siku hiyo yamejaa kwenye makopo ya gereji. Mafuta hayo, kama ya injini, huzifanya raba za klachi zivimbe na kulainika. Tone lililobaki ndani ya kopo la kujazia linatosha kuanzisha uharibifu ambao utaonekana wiki kadhaa baadaye.

Atatokea wa kuuliza kwa nini tujisumbue na mafuta wakati waya ungetosha. Swali hilo ni la haki. Volkswagen Beetle ilitumia waya wa klachi na ikazunguka dunia nzima. Waya hauvuji, hauna hewa, na ukikatika mtu huona umekatika. Lakini waya unafaa pale gari na gia boksi vilipobuniwa kwa ajili yake. Unahitaji njia isiyo na kona kali, pa kuegemea pagumu pande zote mbili, na foku inayovutwa kuelekea upande sahihi. Gia boksi nyingi za Kijapani zinazofungwa katika kazi hizi zimekwisha kutengenezewa foku na viti vya silinda ya mafuta, na kuzilazimisha zikubali waya ni kubuni mfumo mpya kabisa. Zaidi ya hapo, klachi pleti inapokwisha kidogo kidogo, silinda ya chini ya mafuta hujirekebisha yenyewe, ilhali waya wa kawaida hudai kukazwa au kulegezwa mara kwa mara. Anayekwepa hesabu ya mafuta kwa kukimbilia waya atakutana nayo tena kwenye kona za waya.

Pingamizi la pili ni la mfuko. Mwenye gari husema amemaliza fedha kwenye gia boksi na flaiwili, basi silinda za mtumba kutoka Gerezani, Kirinyaga Road au soko la Kisekka zitamfaa. Mtumba si kosa lenyewe, kwa kuwa hata gia boksi yake ni mtumba. Tofauti ni kwamba gia za chuma zilizokaa ndani ya mafuta hudumu, ilhali silinda iliyokaa kavu huota kutu ndani, na raba mpya zikisugua kutu hiyo hukatika mapema. Pistoni ivutwe nje, ndani pamulikwe kwa tochi, kidole kipitishwe. Pakiwa laini, nunua na ubadilishe raba zote. Pakiwa na vishimo, acha, hata kama bei inavutia. Kurudia kazi ya silinda iliyofungwa nje ni hasara ya nusu siku. Kurudia ile ya ndani ya kengele ni kulipa upya karibu ufundi wote, na ndipo ule msemo wa rahisi ghali unapopata maana.

Kuna pia sauti ya uzoefu. Fundi aliyefunga klachi nyingi anaweza kusema mkono wake unajua, na rula ni ya wanafunzi. Uzoefu huo una thamani kubwa pale gari linaporudishiwa vifaa vyake yenyewe, maana vipimo vya kiwanda vimo ndani ya vifaa na mkono unavifuata. Gari lililogeuzwa ni jambo jingine. Mwili umetoka kwa hili, gia boksi kwa lile, na klachi pengine dukani, kwa hiyo hakuna mkono uliowahi kuugusa mchanganyiko huo kabla ya siku hiyo. Hapo kupima hakumshushi fundi hadhi. Ndiko kunakouwezesha uzoefu wake ufanye kazi. Na la mwisho ni swali la kama kazi yenyewe ina maana. Si kila gari linastahili. Kama gia boksi ya otomatiki inatengenezeka, kama gari ni la familia na dereva wake anashinda kwenye foleni, au kama aina hiyo haikuwahi kutolewa kwa gia za mkono na kompyuta yake inaisubiri gia boksi ya otomatiki iitike, kutengeneza kilichopo huwa busara zaidi. Hata waya wa stata hupita kwenye swichi ya gia ya otomatiki, na usipounganishwa upya injini haitawaka hata klachi ikiwa kamilifu.

Kwa aliyekwisha kuamua, basi, mpangilio wa kazi ubadilike: klachi ianze, gia boksi ifuate. Kabla ya kulipia chochote, mwombe fundi akuandikie kipenyo cha silinda ya juu, kipenyo cha silinda ya chini, safari ya fito, mgawanyo wa foku na umbali ambao beringi ya klachi hiyo inahitaji kutembea, kisha mzidishe na kugawa pamoja. Kazi ikiisha, usikubali gari kwa kulizungusha uwanjani tu. Injini ikiwa imepata joto na gari limesimama, kanyaga pedali hadi chini, hesabu mpaka tano, kisha ingiza gia ya kurudi nyuma, ambayo katika magari mengi haina cha kuisaidia kuingia kimya. Ikisaga, klachi haiachii yote. Halafu endesha kwa saa moja, panda mlima kwa gia ya juu na usikilize kama injini inapanda mbio kuliko gari. Mwisho, karatasi ile ya vipimo iweke pamoja na kadi ya gari. Siku raba zitakapokwisha, huenda fundi atakuwa mwingine na duka litakuwa jingine, na karatasi hiyo ndiyo itakayowaambia ni silinda gani iliyomo.